Sauti Isiyo na Sikio: Zana za Kisasa, Ufundishaji wa Kiarabu na Malezi ya Walimu Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mtu asiyejua lolote katika jambo fulani husemwa kwa Kiswahili kuwa hajui alifu kwa kijiti. Wengi wanaoutumia usemi huu leo hawakikumbuki tena kijiti chenyewe. Kilikuwa kipande chembamba, aghalabu cha uti wa ukuti, ambacho mtoto wa chuo alikishika mkononi akakipitisha juu ya herufi moja baada ya nyingine huku akizitamka. Jicho lilifuata kijiti, ulimi ukafuata jicho, na sikio la mwalimu likafuata ulimi. Kwa istilahi za wataalamu wa elimu, kijiti kile ni zana ya kufundishia, sawa na ubao, picha, kaseti au kompyuta. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba ufundishaji wa Kiarabu katika pwani ya Afrika ya Mashariki ulikaa karne nyingi bila teknolojia yoyote hadi vyombo vya umeme vilipokuja kuuokoa. Ulikuwa na teknolojia yake, na teknolojia hiyo ilikuwa na mantiki yake.

Makala haya yanaichunguza mantiki hiyo na mabadiliko yaliyoipata katika eneo moja, yaani Kariakoo na mitaa ya kati ya jiji la Dar es Salaam. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo kongwe la elimu ya Kiislamu mjini. Misikiti ya Mtoro, Manyema na Kitumbini imo humu, na katika miaka ya 1930 chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika kilikuwa na shule yake karibu na Mnazi Mmoja, katika barabara ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Pili, Kariakoo ndilo soko ambalo vyombo vipya hupitia kabla ya kusambaa nchini: redio, vinasa sauti, kaseti, santuri za video, kadi za kumbukumbu na sasa simu za mkononi. Umbali kati ya duka la vyombo hivyo na mkeka wa madrasa ni hatua chache tu. Kama chombo peke yake kingetosha kuleta mapinduzi katika ufundishaji wa lugha, mapinduzi hayo yangeanzia hapa.

Hoja inayotetewa ni kwamba karibu kila chombo kilichoingia katika darasa la Kiarabu kimeongeza sauti inayomfikia mwanafunzi, lakini hakikuongeza sikio la kumsikiliza. Kwa kuwa lugha ya pili haipatikani bila kusahihishwa, pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kununua chombo kingine. Linazibwa kwa kumlea mwalimu.

2.0 Mantiki ya Chuo

Utaratibu wa chuo cha Kurani unajulikana na wengi, lakini aghalabu umeelezwa na wale walioukosoa tu. Mtoto alianza kwa herufi, akaendelea kwa kuhijai, yaani kuziunganisha herufi na alama za fataha, kisra na dhumma kwa sauti ya kuimba, kisha akaingia Juzuu Amma, na hatimaye akakhitimu msahafu mzima. Mgeni aliyepita nje alisikia kelele: watoto ishirini au thelathini, kila mmoja na aya yake, wote kwa sauti ya juu. Mwalimu aliyeketi katikati ya kelele hiyo hakusikia kelele. Alisikia kosa. Angeweza kuwa anamsomesha mmoja aliye mbele yake, na papo hapo akamkemea mwingine aliyekaa pembeni kwa kuirefusha irabu isiyostahili kurefushwa. Ustadi huo wa sikio ndio uliokuwa kiini cha taaluma yake, na kila mtoto aliitwa mbele kwa zamu ili asikilizwe peke yake.

Umuhimu wa sikio hilo unafahamika vizuri zaidi kwa kulinganisha mifumo ya sauti ya lugha mbili hizi. Kiarabu kina konsonanti angalau saba ambazo Kiswahili sanifu hakina: ha ya kooni, aini, qafu, na zile nne nzito, yaani swadi, dhwadi, twa na dhwa. Mswahili anapozikuta huzisogeza kwenye sauti anazozijua. Matokeo yake si lafudhi tu, bali maana. Kwa Kiarabu, qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Sayf ni upanga, ilhali neno hilo likianza kwa swadi ni majira ya joto. Tin ni tini, na likianza kwa twa ni udongo. Alim lenye aini ni mjuzi, na lisilo na aini ni chungu lenye kuumiza. Washairi wa Kiswahili wamelitumia neno kalbi kwa maana ya moyo kwa miaka mingi, na ni neno zuri. Lakini likitamkwa vivyo hivyo mbele ya Mwarabu, msemaji atakuwa amemtaja mbwa wake.

Hata hivyo, sikio la Mswahili si kiziwi kwa tofauti hizi. Maumbo kama swala, swaumu, swadakta na twahara yanaonyesha kwamba wasemaji waliusikia uzito wa konsonanti za Kiarabu, wakaupa sura ya w. Huu ni ushahidi wa kifonolojia wenye manufaa makubwa darasani. Mwalimu anayeufahamu anaweza kumwanzisha mwanafunzi kwenye w anayoijua, kisha akamwongoza kuuondoa mviringo wa midomo na kuuacha uzito nyuma ya ulimi. Asiyeufahamu hurudia neno kwa sauti kubwa zaidi, akidhani tatizo ni usikivu.

Ukosoaji wa chuo una haki yake. Wengi walikhitimu bila kuelewa walichokisoma, na bila kuweza hata kuomba maji kwa Kiarabu. Fimbo nayo ilitumika kupita kiasi. Lakini ni lazima kutenganisha malengo mawili. Lengo la chuo lilikuwa usomaji sahihi kwa ajili ya ibada, halikuwa mazungumzo. Kulihukumu kwa kipimo cha mazungumzo ni sawa na kumlaumu seremala kwa kutofuma kitambaa. Tatizo la kweli lilianza pale jamii ilipotaka mambo yote mawili kutoka kwa mwalimu aliyelelewa kwa moja, kisha ikampa chombo badala ya mafunzo.

3.0 Sauti Iliyorekodiwa

Redio ilitangulia. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Mwaka 1961 ilitolewa rekodi ya Kurani nzima kwa usomaji wa tartili wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, na mwaka 1964 ikaanzishwa mjini Cairo idhaa maalumu ya Kurani. Kaseti ndogo, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyoviteremsha visomo hivyo kutoka hewani hadi rafuni. Katika maduka ya Kariakoo zilikaa pamoja na kaseti za taarabu, za dansi na za mawaidha.

Faida yake haikanushiki. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Gerezani au Ilala aliweza kumsikia msomaji bingwa kila siku, na mwalimu mwenyewe akapata kipimo cha kujipimia. Kabla ya hapo, lafudhi ya mwanafunzi haikuweza kuipita lafudhi ya mwalimu wake. Makosa yalirithiwa kizazi baada ya kizazi kama mali.

Lakini upungufu wake ulikuwa wa kimsingi. Mfano ulio wazi ni aina ya rekodi iitwayo msahafu wa mwalimu, iliyotengenezwa mahususi kwa kufundishia. Katika rekodi za namna hiyo za Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi zilizosambaa sana, msomaji husoma aya, kisha husikika sauti za watoto wakirudia. Kwa mtazamo wa ufundi ni zana nzuri mno: ina kielelezo, ina nafasi ya kurudia, na ina uchangamfu. Hata hivyo, watoto wa kwenye kaseti hawakosei kamwe. Mtoto wa Kariakoo anayerudia pamoja nao husikia sauti yao iliyo sahihi, akadhani ameisikia yake. Kosa lake limezamishwa ndani ya usahihi wa wenzake, na hakuna wa kuliibua. Darasa zima linaweza kuimba kwa furaha mwaka mzima, na qafu ikabaki kafu.

Linganisho na maabara ya lugha lafaa hapa. Katika miaka ya 1960 vyuo vingi duniani vilijenga maabara hizo kwa kufuata nadharia iliyosisitiza kusikiliza na kurudia. Mwanafunzi aliketi katika kijumba chake, akavaa visikizi, akarudia sentensi. Mara nyingi ilisahaulika kwamba meza ya mwalimu ilikuwa na swichi za kumwezesha kuingia katika kijumba chochote na kumsikiliza mwanafunzi yeyote. Maabara ilikuwa na sikio. Gharama yake ilikuwa kubwa, na kilichosambaa katika nchi maskini kilikuwa nusu yake ya bei nafuu, yaani ukanda wa sauti. Zana ilikatwa katikati, na nusu iliyobaki ikaendelea kuitwa kwa jina la zana nzima.

Kariakoo yenyewe inatoa mfano wa kila siku wa jambo hili. Wauzaji wengi wa vitu vidogo hutumia vipaza sauti vilivyorekodiwa, ambavyo hutaja bidhaa na bei bila kuchoka tangu asubuhi hadi jioni. Kipaza sauti hicho humvuta mteja, lakini hakiwezi kupatana naye. Mteja akisema bei imezidi, chombo kitairudia bei ile ile. Biashara huanza pale muuzaji anapokizima na kumsikiliza mtu aliye mbele yake.

4.0 Soko Kama Kamusi

Upungufu wa pili wa zana zilizoingizwa kutoka nje unahusu maudhui. Vitabu vinavyotumika zaidi, mathalani mfululizo wa Durus al-Lugha al-Arabiyya wa Dakta V. Abdur Rahim wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, au al-Arabiyya Bayna Yadayk ulioandamana na kanda na santuri zake, ni kazi za wataalamu. Lakini viliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa popote. Mwanafunzi wa popote hajui neno hata moja. Mwanafunzi wa Kariakoo hayuko hivyo.

Anayetembea sokoni kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo anapita katikati ya kamusi. Soko, duka, bidhaa, thamani, faida, hasara, deni, dalali, mizani, hesabu, ghali, rasilimali: yote haya yametoka Kiarabu, na mtoto anayesaidia katika duka la baba yake anayajua kabla hajafundishwa herufi. Anajua pia sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu. La muhimu zaidi, pasipo kujua, ana ufunguo wa muundo wa lugha yenyewe. Kiarabu hujenga maneno yake kutokana na mizizi, aghalabu ya konsonanti tatu. Kitabu, katibu na maktaba ni matawi ya mti mmoja. Elimu, mwalimu, ulamaa, taaluma na mtaalamu ni matawi ya mti mwingine. Hesabu na mhasibu, safari na msafiri, darasa na madrasa, vivyo hivyo. Somo ambalo kitabu cha kigeni hulitolea sura nzima ili kumshawishi msomaji kuwa mzizi upo, mwalimu wa Kariakoo angeweza kulitoa kwa robo saa, kwa maneno ambayo watoto wamekuja nayo kutoka nyumbani.

Mali hii ina mitego yake. Maneno mengi yamebaki na sura yakabadili maana. Bei kwa Kiarabu ni tendo la kuuza, si kiasi cha fedha kinachodaiwa. Rahisi ni isiyo ghali. Haina maana ya isiyo ngumu. Karibu ni iliyo jirani, wala si neno la kumpokea mgeni. Dawati, ambalo kwa Mswahili ni meza ya kuandikia, kwa Mwarabu ni kidau cha wino. Wataalamu wa lugha wenyewe hawako salama. Sarufi ya Kiswahili ni kanuni zote za lugha, ilhali sarf ya Kiarabu ni elimu ya maumbo ya maneno peke yake. Nahau, ambayo leo hutumika zaidi kwa misemo yenye maana fiche, kwa Waarabu ni sintaksia. Irabu, ambayo kwa Kiswahili ni vokali, imetokana na neno linalotaja mabadiliko ya mwisho wa neno kulingana na dhima yake katika sentensi. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeingia darasa la Kiarabu akiwa na istilahi hizi atapotea mapema kuliko mwenzake asiyezijua, kwa sababu anadhani amefika nyumbani.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapohusika moja kwa moja. Hakuna mchapishaji wa Riyadh wala Cairo atakayetunga orodha ya maneno ya namna hii kwa ajili ya watoto wa Dar es Salaam. Wenye ujuzi huo ni wanaisimu wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi wameyachunguza maneno ya mkopo ili kujua yalikotoka. Ujuzi huo huo ukigeuzwa uso, huwa zana ya kumrudisha mwanafunzi kule yalikotoka.

5.0 Nani Humlea Mwalimu?

Katika madrasa nyingi za mjini mwalimu hupatikana kutoka miongoni mwa wanafunzi. Aliyetangulia huwasikiliza walio nyuma yake, na kadiri umri na elimu vinavyoongezeka huitwa ustadhi. Ni utaratibu mwema wa kurithisha adabu, na gharama yake ni ndogo. Lakini haumpi mwalimu nafasi ya kujitazama akifundisha, wala istilahi ya kulieleza kosa analolisikia. Anajua kwamba neno limekosewa. Hajui namna ya kumwambia mtoto ulimi wake uwe wapi. Malipo yake nayo hutegemea ada ndogo za wazazi na ukarimu wa waumini, na mara nyingi ana kazi nyingine sokoni ili aishi.

Waliobahatika walikwenda nje: Al-Azhar, Madina, Khartoum. Khartoum ilikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa Taasisi ya Kimataifa ya Khartoum ya Lugha ya Kiarabu, iliyoanzishwa mwaka 1974 chini ya shirika la elimu na utamaduni la nchi za Kiarabu, ilikusudiwa mahususi kuwaandaa walimu wa Kiarabu kwa wasio Waarabu, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika katika jiji hilo kilipokea Watanzania wengi. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania walilazimika kuondolewa na kurejeshwa nyumbani. Tukio hilo lilionyesha hatari ya kuuweka mzizi wa malezi ya walimu katika ardhi ambayo wenye shule hawana mamlaka nayo.

Nchini vimekuwepo vituo vya kujengea. Zanzibar hufundisha Kiarabu katika shule za serikali, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliunganishwa nacho, kina mapokeo marefu ya lugha hizi mbili. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza kufundisha mwaka 2005. Aidha, mitaala mipya ya shule za Tanzania Bara iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 imekiweka Kiarabu, pamoja na Kifaransa na Kichina, miongoni mwa lugha za kigeni ambazo mwanafunzi anaweza kuzichagua. Uamuzi huo ni wa heri, lakini unauliza swali gumu: watatoka wapi walimu? Kama hawatakuwapo, shule itafanya kilichofanywa na wengi kabla yake, yaani kuwasha chombo na kuliita somo.

Tanzania haikosi mfano wake yenyewe wa kulijibu swali hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao 2,000,000 kwa njia ya redio. Mara nyingi husifiwa kama ushindi wa redio, lakini nguvu yake ilikuwa kwingine. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepewa mafunzo ya namna ya kuendesha mjadala redio ikizimwa. Kila kikundi kilisikiliza, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikatenda. Miaka michache baadaye, katika utekelezaji wa Elimu ya Msingi kwa Wote, zaidi ya walimu 35,000 waliandaliwa wakiwa kazini vijijini, kwa kusaidiana masomo ya posta, redio, na msimamizi aliyewatembelea. Ubora wa walimu hao ulizua mjadala, na mjadala huo haukuwa bure. Lakini utaratibu ulikuwa na jambo ambalo kaseti ya Kiarabu haikuwa nalo: mtu wa kumsikiliza mwanafunzi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoshiriki sana katika kazi za namna hiyo, ina makao yake hatua chache kutoka Kariakoo, kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Walimu wa madrasa hupita mbele yake kila siku.

6.0 Simu ya Mkononi

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, bei na kasi ya intaneti vilianza kubadilika, na baada ya miaka michache simu janja zikawa bidhaa ya kawaida Kariakoo. Wengi waliona katika simu kaseti iliyokuzwa: visomo vingi zaidi, mihadhara mingi zaidi, kamusi, picha, michezo ya herufi. Wanayoyaona ni kweli, lakini wanaliacha lililo kubwa zaidi.

Simu inatofautiana na vyombo vyote vilivyoitangulia kwa kuwa ina sikio, na sikio hilo lina bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuimudu. Mwanafunzi anaweza kurekodi sekunde thelathini za usomaji wake na kumtumia mwalimu. Mwalimu anaweza kuzisikiliza usiku, soko likiwa limenyamaza, mara mbili au tatu, na kurudisha jibu kwa sauti yake mwenyewe. Hili si jambo dogo katika eneo ambalo darasa la ghorofani hushindana na honi za magari na vipaza sauti vya barabarani. Ha ya kooni haisikiki vizuri katikati ya mnada. Isitoshe, rekodi huhifadhika. Mwanafunzi anaweza kuisikia sauti yake ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita, akajua amesogea wapi. Kijiti hakikuweza kufanya hivyo.

Lakini sikio la simu hufanya kazi pale tu mwalimu anapolifungua. Kundi la wazazi na wanafunzi linaweza kugeuka haraka kuwa ubao wa kubandikia video za watu wengine. Mwalimu asiye na mafunzo hutuma, naye hutumiwa, hasikilizi. Zipo pia programu za kompyuta zinazomfuatilia msomaji wa Kurani na kumwonyesha neno aliloliruka. Zina msaada kwa anayehifadhi. Lakini kuonyesha kwamba neno limerukwa ni kazi moja, na kumweleza mtoto kwa nini aini yake imegeuka kuwa a, na afanye nini na koo lake, ni kazi nyingine inayomhitaji mtu aliyefunzwa.

Haipasi kusahau vikwazo vya kawaida. Bando huisha. Simu ni ya mzazi, naye hurudi nyumbani saa tatu usiku. Sauti ya mtoto, hasa ya msichana, haifai kuzagaa katika simu za watu wasiohusika, na mwalimu anahitaji kanuni za wazi kuhusu nani asikilize na nini kifutwe. Hayo nayo ni sehemu ya malezi ya mwalimu, wala hayaandikwi kwenye kasha la chombo.

7.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo manne yanajitokeza. La kwanza ni kwamba mafunzo ya mwalimu wa Kiarabu yaanze na sikio lake. Kabla ya kufundishwa kutumia kompyuta, afundishwe kuainisha makosa: lipi ni la sauti, lipi ni la urefu wa irabu, lipi ni la maana. Rekodi za wanafunzi wake mwenyewe ndizo kitabu bora cha somo hilo, na walimu watano au sita wanaokutana mara moja kwa juma kuzisikiliza pamoja watajifunza mengi kuliko katika semina ya siku mbili hotelini.

La pili, zitungwe zana zenye msingi wa Kiswahili: orodha za mizizi inayojulikana, za maneno yaliyobadili maana, na za jozi kama qalb na kalb, zikiwa zimerekodiwa kwa sauti za wanaume na wanawake wa hapa waliobobea, ili mwanafunzi aone kwamba usahihi si mali ya wageni pekee. La tatu, vyuo vikuu na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima vibuni cheti kifupi kwa walimu wa madrasa walio kazini, kwa mfano wa masomo ya masafa ambao nchi iliujaribu zamani. Ustadhi mwenye cheti atakuwa na pa kuanzia anapodai malipo ya haki, na shule zinazotafuta mwalimu wa Kiarabu zitajua pa kumpata.

La nne linawahusu wanazuoni. Uhusiano wa Kiswahili na Kiarabu umejadiliwa kwa muda mrefu kama suala la asili, na mara nyingine kwa hasira, kana kwamba kukiri deni ni kujitia utumwani. Darasa la Kariakoo linauleta uhusiano huo katika hali nyingine. Mtoto anayeketi mkekani hana haja ya kujua nani alimkopesha nani. Ana haja ya mwalimu atakayemwonyesha kwamba tayari anayo maneno mia moja ya lugha anayoiogopa, kisha amsikilize anapoyatamka, na amwambie bila kumfedhehesha ni lipi alilolikosea. Vyombo vitaendelea kuja, na Kariakoo itaendelea kuviuza. Kazi ya kusikiliza itabaki kwa mwalimu.